Mstari wa 31: kisa cha mkuu wa maabara, jokofu la damu na maelezo matatu yasiyolingana

Kuhusu kisa hiki

Jina la hospitali, mkoa, mwezi, mwaka na majina ya wahusika vimeondolewa. Siku, saa na vipimo vya joto vimeachwa kwa sababu shauri zima lilisimama juu yake, na bila hivyo hakuna cha kujifunza. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya maafisa utumishi, waganga wafawidhi, wakuu wa idara, na zaidi wale wafanyakazi wanaoitwa kuketi kwenye kamati za nidhamu bila kuwahi kufundishwa kazi hiyo.

Mwajiri alikuwa na ushahidi mzito. Akashindwa nusu ya shauri kwa sababu alifunga makosa mawili kwenye furushi moja: kutunza damu vibaya, na kusema uongo kuhusu utunzaji huo. Haya ni makosa tofauti. Kila moja lina ushahidi wake na utetezi wake, na adhabu zake huenda zisilingane.

Mandhari

Hospitali iko Tanzania, ni ya taasisi ya dini, ina vitanda kama 120, chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi. Wodi hiyo ndiyo inayomaliza damu. Maabara ilikuwa na watumishi 11. Mkuu wake alikuwa ameajiriwa hapo miaka 9, na miaka 6 kati ya hiyo aliiongoza idara. Faili lake lilikuwa na onyo moja tu la mdomo, la kuchelewesha ripoti, ambalo muda wake ulikuwa umekwisha.

Damu nzima hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6 za Selsiasi. Ikiwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda aina ya CPDA-1, hudumu siku 35. Joto likipanda, bakteria wachache waliojipenyeza wakati wa kutoa damu hupata nafasi ya kuzaliana na seli nyekundu huanza kupasuka. Mwongozo wa kazi wa maabara hiyo, uliobandikwa ukutani kando ya jokofu, ulisema wazi: uniti (yaani mfuko mmoja wa damu) iliyopita nyuzi 10 iwekwe kando, isitolewe kwa mgonjwa, na taarifa iandikwe siku hiyohiyo.

Joto lilifuatiliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni fomu iliyotundikwa mlangoni kwa kamba. Mtu wa zamu husoma namba kwenye skrini ya jokofu saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, anaandika, anatia kifupi cha jina lake. Ya pili ni kirekodi joto, kijisanduku kidogo kilichoachwa na mradi wa wafadhili, kinachoandika joto chenyewe kila baada ya dakika 10. Watumishi wengi walikuwa wamesahau kwamba kipo. Kilikaa nyuma ya rafu ya juu na kengele yake haikuwa na betri.

Jambo jingine la kuliweka akilini ni swichi ya kukata umeme, ile ambayo mafundi huiita breka, ya laini ya maabara. Ilikuwa na tabia ya kuanguka kila jenereta linapowashwa. Mkuu wa maabara alikuwa ameuandikia uongozi barua mbili kuhusu breka hiyo, na hakuna iliyojibiwa.

Mtiririko wa tukio

Ijumaa tarehe 22 umeme wa gridi ulikatika. Daftari la jenereta linaonyesha liliwashwa saa 4:05 usiku. Wodi zikapata mwanga na chumba cha upasuaji kikaendelea na kazi. Breka ya maabara ilianguka na hakuna aliyeiona, kwa kuwa usiku ule maabara ilikuwa na mtu wa wito aliyekuwa nyumbani.

Joto la jokofu lilivuka nyuzi 6 muda mfupi baada ya saa 6 usiku, likavuka 10 kama saa 9:30 alfajiri, na kufikia 14.6 saa 3:10 asubuhi ya Jumamosi. Mtaalamu wa zamu aliyechelewa kidogo kuingia aliikuta skrini inasoma 14. Saa 3:14 alituma ujumbe wa WhatsApp: «Shikamoo mkuu. Jokofu la damu linasoma 14, breka ya maabara imeanguka toka usiku. Nifanyeje na damu?» Saa 3:20 akajibiwa: «Marahaba. Rudisha breka, acha lishuke, nakuja.»

Rejesta ya getini inaonyesha mkuu aliingia saa 5:40 asubuhi. Joto lilirudi chini ya 6 kama saa 7 mchana. Ndani ya jokofu zilikuwamo uniti 16, na hakuna iliyowekwa kando. Jumamosi usiku ilitoka uniti 1 kwa mzazi aliyekuwa akivuja damu, na Jumapili zikatoka 2 kwa mgonjwa mmoja wa upasuaji.

Jumatano tarehe 27 afisa ubora alipita kwa ukaguzi wake wa mwezi. Alichomoa data ya kirekodi, kisha akaiweka fomu ya mlangoni kando ya grafu. Jumamosi saa 2 asubuhi fomu ilisema 4, na kifupi cha jina kilikuwa cha mkuu. Akateremsha macho. Fomu ilikuwa imejazwa hadi chini kabisa: tarehe 28, 29, 30 na 31, asubuhi na jioni, 4, 4, 5, 4, kwa wino uleule wa bluu. Ilikuwa tarehe 27, na mwezi wenyewe ulikuwa na siku 30. Aliipiga picha kwa simu kabla ya kumwambia mtu yeyote, na picha hiyo ndiyo iliyookoa sehemu kubwa ya shauri. Ijumaa ilipofika, fomu ikiwa bado inaning'inia mlangoni, mistari ya 30 na 31 ilikutwa imefutwa kwa rangi nyeupe ya kusahihishia. Aliyeifuta hajajulikana mpaka leo.

Maelezo matatu

Alhamisi asubuhi Afisa Utumishi alimwita mkuu wa maabara na kumwomba aandike alichokifahamu. Aliandika nusu ukurasa kwa mkono wake na kusaini. Alisema Jumamosi saa 2 asubuhi alilisoma jokofu mwenyewe na likawa nyuzi 4, na kwamba hakujulishwa tatizo lolote la umeme.

Jumatatu iliyofuata, mbele ya Mganga Mfawidhi na Afisa Utumishi, maelezo yalibadilika. Sasa alisema alikuwa amechanganya siku, na kwamba namba ile alisomewa kwa simu na mtu wa zamu.

Kwenye kikao cha nidhamu yalibadilika tena. Alikubali kwamba ujumbe aliupata, lakini akasema joto la hewa ya jokofu si joto la damu, hivyo damu haikuwa imefika 10. Kuhusu fomu alisema namba zilikuwa makadirio, na mistari ya mbele ilijazwa kwa mazoea.

Hili la kubadilika kwa maelezo linahitaji utulivu. Kamati nyingi zikiona maelezo matatu hukimbilia kusema mtu ni mwongo, basi imekwisha. Mtu aliyetishika huchanganya siku kweli. Anayeulizwa baada ya siku tano huziba mapengo ya kumbukumbu kwa mambo anayoyafanya kila siku, na kusoma jokofu saa 2 asubuhi ni jambo la kila siku. Kinachotenganisha uongo na kusahau ni kile ambacho mtu alikijua wakati anaandika. Sentensi ya «nilisoma mwenyewe» ingeweza kuwa kosa la kumbukumbu, ingawa rejesta ya getini inaipinga. Sentensi ya «sikujulishwa» ni ya namna nyingine. Jumamosi saa 3 asubuhi mtu aliamshwa na habari kwamba damu ya hospitali nzima imepata joto, akajibu kwa maneno yake, akafunga safari hadi kazini siku ya mapumziko, na siku tano baadaye akasaini kwamba habari hiyo hakuipata. Simu yenyewe ilikuwa mfukoni mwake alipokuwa anasaini.

Hatua za uongozi, na kwa nini zilichukuliwa

Hatua ya kwanza ilikuwa bora kuliko zote. Jumatano hiyohiyo uniti 13 zilizobaki ziliondolewa, Mpango wa Taifa wa Damu Salama ukaarifiwa, na wagonjwa wawili waliokwisha kuongezewa damu wakafuatiliwa. Daktari wa zamu alisisitiza familia zao ziambiwe. Baadhi ya viongozi walihofia kesi, lakini daktari hakurudi nyuma. Hakuna mgonjwa aliyeonyesha homa wala dalili nyingine ya damu iliyochafuka.

Ijumaa mkuu wa maabara alisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, kwa mshahara kamili. Hili nalo lilikuwa sahihi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zile za Tangazo la Serikali Na. 42, zinaruhusu kumsimamisha mtumishi wakati tuhuma nzito zinachunguzwa, mradi mshahara wake usiguswe. Pia kulikuwa na sababu ya moja kwa moja: fomu ilikwisha kuguswa, na mashahidi walikuwa watu wa chini yake.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda kombo. Uongozi ulitaka shauri limalizike kabla ya kikao cha bodi. Mganga Mfawidhi, ambaye ndiye aliyehoji mashahidi na kuandika ripoti ya uchunguzi, alijiteua kuwa mwenyekiti wa kikao cha nidhamu. Sababu aliyoitoa ni kwamba hakuna mwingine anayelielewa shauri vizuri kama yeye. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana hakufaa kukalia kile kiti. Kanuni zinataka mwenyekiti awe kiongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na mambo yaliyozaa shauri. Katibu wa hospitali alikuwapo na angeweza kuketi.

Hati ya mashtaka ilikuwa sentensi moja: «Umefanya uzembe na udanganyifu katika kazi, jambo ambalo limeshusha hadhi ya hospitali.» Haikutaja siku, waraka wala namba yoyote. Ilikabidhiwa Alhamisi saa 9 alasiri kwa ajili ya kikao cha Jumamosi saa 3 asubuhi. Hesabu ni saa 42, wakati kanuni zinataka zisipungue 48. Kikao kingeahirishwa hadi saa 9 alasiri ya Jumamosi hiyohiyo, kasoro hii isingekuwapo.

Kikao

Mtuhumiwa alifika na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia, kama kanuni zinavyomruhusu. Grafu ya kirekodi aliiona kwa mara ya kwanza akiwa mezani. Akaishika vizuri. Grafu ilionyesha joto linaanza kupanda saa 19:10, yaani saa moja na dakika kumi jioni, wakati hospitali nzima inajua umeme ulikatika saa 4 usiku. «Kama kifaa hakijui hata saa,» aliuliza, «kitajuaje joto?» Kamati ilikosa jibu.

Jibu lilikuwepo. Kirekodi kilikuwa kimeachwa kwenye saa ya dunia, nasi Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele yake. Ongeza saa 3 na grafu inakaa juu ya daftari la jenereta kama kifuniko juu ya sufuria. Hakuna aliyekuwa amefanya hesabu hiyo kabla ya kikao.

Hoja ya hewa na damu ilikuwa nzito zaidi. Kwa kawaida ni kweli: mlango ukifunguliwa, hewa hupata joto upesi na mfuko wa mililita 450 huchelewa. Ndiyo sababu kihisio cha kirekodi hiki kilikuwa kimetumbukizwa kwenye kichupa cha gliserini, ili kiige mwendo wa joto ndani ya mfuko. Yeyote ambaye angefungua jokofu na kuangalia angekiona kichupa hicho. Kamati ilikuwa na muuguzi, mhasibu na mwanateolojia. Fundi wa vifaa tiba, aliyekifunga kirekodi hicho kwa mikono yake, alikuwa karakana mita mia moja kutoka hapo na hakuitwa.

Mtaalamu wa zamu naye hakuitwa. Maelezo yake yalisomwa, na mtuhumiwa alipoomba kumuuliza maswali akaambiwa kwamba shahidi anaogopa. Katikati ya kikao mwenyekiti akaongeza: «Hata mwaka juzi ulituongopea kuhusu vitendanishi.» Jambo hilo halikuwa kwenye hati, halikuchunguzwa, na halikuwa na karatasi. Uamuzi wa kumwachisha kazi ulitoka siku hiyohiyo. Barua ilisema «kamati imeridhika», bila sababu, bila neno kuhusu rufaa wala haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mbele ya Tume

Kwa kuwa mwajiri ni taasisi binafsi, shauri lilikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na huu ulifika siku ya 22. (Mkuu wa idara wa halmashauri au hospitali ya serikali hapiti njia hii. Rufaa yake huenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, na mara kwa mara watu hupoteza shauri kwa kugonga mlango usio wao.)

Usuluhishi haukuzaa matunda. Kwenye uamuzi mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa mwajiri, kwa kipimo cha uwezekano ulio mkubwa zaidi, wala si kile cha kesi ya jinai cha kutoacha shaka yoyote ya msingi. Safari hii fundi wa vifaa tiba aliitwa. Alileta kichupa cha gliserini, akaeleza suala la saa, na daftari la jenereta likawekwa kando ya grafu. Picha ya simu ya fomu ilipokelewa, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa namna hiyo ukionyeshwa ulivyochukuliwa na kutunzwa. Mstari wa 31 haukuhitaji mtaalamu wa kuufafanua.

Mwamuzi alikubali kwamba fomu ilighushiwa na kwamba sababu ya kumwachisha kazi ilikuwa halali. Suala la maelezo ya Alhamisi alikataa kuligusa: halikuwa kwenye mashtaka, hivyo mtu hawezi kuhukumiwa kwalo. Kuhusu utaratibu aliona haukuwa wa haki, kwa muda mfupi wa maandalizi, mwenyekiti aliyekuwa mchunguzi, shahidi aliyefichwa, na tuhuma iliyozuka kikaoni. Tuzo ilikuwa fidia ya mishahara ya miezi 4. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama kilivyosomeka wakati huo, kilitaja fidia isiyopungua miezi 12, lakini Mahakama ya Rufani ilikwisha kukubali kwamba kiasi kinaweza kushuka pale ambapo sababu ni halali na kasoro ni za utaratibu pekee. Sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho mwaka 2025, hivyo mwenye shauri jipya asitumie hesabu ya kisa hiki kabla ya kuyasoma.

Uongozi ulifikiria kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wakili wake aliushauri ulipe, nao ukalipa. Tangu barua ya kuachishwa kazi hadi malipo ilikuwa miezi 11.

Uchambuzi: shtaka la uongo linavyoandikwa

Kosa kubwa lilikuwa kwenye ile sentensi moja ya hati ya mashtaka. Neno «udanganyifu» lilibeba kila kitu bila kumwambia mtu ajitetee dhidi ya nini. Kwa ushahidi uleule uliokuwapo mezani, mashtaka yangeandikwa hivi:

*Shtaka la kwanza.* Kwamba kuanzia Jumamosi tarehe 23 saa 3:14 asubuhi ulipopata taarifa, hadi Jumatano tarehe 27, ukiwa msimamizi wa jokofu la damu, hukuziweka kando uniti 16 zilizopita nyuzi 10 kama mwongozo wa kazi unavyotaka, na uniti 3 kati yake zikatolewa kwa wagonjwa.

*Shtaka la pili.* Kwamba katika fomu ya joto ya mwezi huo uliandika nyuzi 4 kwa Jumamosi saa 2 asubuhi hali ukijua hukulisoma jokofu saa hiyo, na ulijaza mistari ya tarehe 28 hadi 31 kabla ya siku hizo kufika.

*Shtaka la tatu.* Kwamba Alhamisi tarehe 28, katika maelezo uliyoandika na kusaini mbele ya Afisa Utumishi, ulisema hukujulishwa tatizo lolote la umeme, hali ukijua ulipokea ujumbe kuhusu tatizo hilo Jumamosi saa 3:14 asubuhi na kuujibu saa 3:20.

Tazama maneno «hali ukijua». Ndiyo yanayofanya shtaka liwe la uongo badala ya la kukosea, na ndiyo yanayoilazimisha kamati kutafuta ushahidi wa ufahamu: ujumbe, rejesta, saini. Shtaka la tatu likiandikwa hivyo, maelezo ya pili na ya tatu ya mtuhumiwa hugeuka ushahidi, kwa sababu kikaoni alikubali aliupata ujumbe. Bila shtaka, kukiri kule kulipita hewani.

Kuyatenganisha kunamlinda mtuhumiwa pia, na hili tunalisema kwa uzito uleule. Fomu ya Jumamosi ina masomo mawili. La saa 2 asubuhi lilikuwa la kughushi, ila la saa 10 jioni, nalo nyuzi 4, linalingana na kirekodi. Mkuu alikuwapo na inaelekea alilisoma. Hati ya furushi iliifanya fomu nzima kuwa uongo. Na kwenye shtaka la kwanza alikuwa na utetezi halali ambao hakuna aliyeusikia: breka mbovu aliiripoti mara mbili kwa maandishi, na aliyekaa kimya ni huohuo uongozi uliomshtaki. Barua hizo zilipaswa kuwa mezani kabla ya adhabu kupimwa, kwa sababu kamati inatakiwa kusikiliza mambo ya kupunguza adhabu baada ya kumtia mtu hatiani. Hilo lilirukwa kabisa.

Je, adhabu ilistahili? Kwa shtaka la kwanza peke yake, baada ya miaka 9 na barua mbili zisizojibiwa, tungesema hapana; onyo kali la maandishi na kuondolewa ukuu wa idara vingetosha. Kwa shtaka la pili tunasema ndiyo. Daktari anayeagiza damu usiku hana njia ya kuipima joto. Anaamini fomu ya mlangoni.

Ushahidi ulivyoponyoka

Fomu halisi ilipaswa kushushwa Jumatano ileile, iwekwe kwenye bahasha mbele ya watu wawili, bahasha isainiwe juu ya gundi, na fomu mpya itundikwe. Iliachwa siku mbili. Data ya kirekodi ilipaswa kuchomolewa mbele ya shahidi, na kabla ya kukichomoa kifaa, saa yake ilinganishwe na saa ya simu na tofauti iandikwe kwenye karatasi ileile. Kazi ya dakika moja hiyo, na ndiyo iliyokosekana kikaoni. Ujumbe wa WhatsApp ulipigwa picha ya skrini tu. Ingefaa simu yenyewe ionyeshwe kwa kamati, namba na tarehe zisomwe kwa sauti, na muhtasari uandike hivyo.

Mtaalamu wa zamu alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa mtu ambaye angetoa ushahidi dhidi yake ndiye aliyekuwa akimpangia zamu na kumjazia tathmini. Dawa yake ilikuwa kumwandikia barua ya kumhakikishia kwamba tathmini yake ya mwaka huo ingefanywa na mtu mwingine, kisha kumwita. Barua hiyo ilikuja kuandikwa siku za Tume. Alifika, aliulizwa maswali kwa dakika 40 na hakuyumba.

Kwa nini namba ziliandikwa

Hili halikuulizwa rasmi popote, ila muhtasari wa vikao vya uongozi unatoa mwanga. Mwezi uliotangulia maabara ilikemewa mbele ya idara zote kwa uniti 5 zilizopitwa na muda. Kuripoti uniti 16 za kutupwa, wiki chache baadaye, kwa breka ambayo uongozi ulikwisha kuambiwa, kulimaanisha kusimama tena mbele ya meza ileile. Hilo halihalalishi kuandika nyuzi 4. Linaeleza kwa nini mtu mwenye faili safi aliziandika, na kwa nini aliyefuata angeziandika pia kama kisingebadilika kitu zaidi ya jina la mkuu.

Yaliyobadilishwa

Breka ilibadilishwa na laini ya jokofu ikatenganishwa na ya maabara. Kengele ya kirekodi iliwekewa betri, na saa yake hukaguliwa kila tarehe 1. Damu inayotupwa kwa sababu ya umeme sasa huandikwa kwenye hesabu ya ufundi, haihesabiwi dhidi ya maabara. Fomu ya mlangoni huchapwa upya kila mwezi kwa idadi ya siku zake, na ina safu ya saa halisi ya kusoma na safu ya kifupi cha mtu wa pili. Mkuu mpya wa maabara aliwaambia watu wake kwamba asiyesoma aache nafasi wazi. Mwezi wa kwanza ulikuwa na nafasi 7 tupu, 4 zikiwa za Jumapili jioni, na mwezi uliofuata zamu ya Jumapili jioni ikaongezewa mtu.